Gari Lililonunuliwa kwa Viti Vyake

Mtaa mzima ulimwita Sponji, naye aliitika bila kinyongo, maana jina lilitokana na kazi yake. Alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu kando ya barabara, chenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Fremu zisizovikwa kitu ziliegemezwa ukutani, na vipande vya sponji vilirundikwa hadi darini. Hakuwa mtu wa kulipua kazi. Aliweza kufumua mshono mzima kwa sababu ya kona moja iliyokunjamana, kona ambayo mteja asingeiona hata angeitafuta kwa tochi.

Alikuwa na mtindo wake wa kukabidhi kazi. Kochi likikamilika, mteja aliketishwa juu yake na kuambiwa anyamaze. Ndiyo, anyamaze. Sponji hakumuuliza mtu kama kochi ni zuri. Alisema watu wana adabu zao. Ukiwauliza watakusifia hata kama msumari unawachoma. Yeye alitazama mkono. Mtu aliyeketi pabaya, mkono wake hutafuta cha kushika: ukingo wa kochi, goti, mkoba, chochote kile. Aliyeketi pazuri, mkono hujiachia wenyewe, vidole vikafunguka na kiganja kikatazama juu. Mkono ukifunguka, kochi linakwenda kwa mwenyewe. Usipofunguka, linarudi kufumuliwa, mteja apende asipende.

Sasa mtu mwangalifu namna hiyo, ungetegemea siku akinunua gari alinunue kwa akili zake zote. Ngoja tu.

Gari lake la zamani lilikuwa pana, limepauka rangi, na lilikohoa asubuhi kama mvutaji wa miaka mingi. Mlango mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Watu walilibatiza jina la Kobe, na vijana wa kituo cha mafuta hawakuacha kumtania. "Fundi, leo unaliendesha au unalisindikiza?" Sponji alicheka nao, lakini utani ukirudiwa kila siku huanza kukwaruza. Na Kobe, pamoja na ubovu wake wote, ndilo lililombeba mama yake.

Kila Jumamosi Sponji alimpeleka mama yake kwa mama mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, aliyeishi nje ya mji mwisho wa barabara ya vumbi. Mama mdogo alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo hakuinuka kitandani ila kwa kubebwa. Mama naye mgongo wake ulikuwa umekwisha. Daktari alimwambia pingili zimesagika, asibebe kitu, asiiname, asirushwerushwe. Basi alipanda Kobe kiti cha nyuma, akanyoosha miguu, akaenda kumchana nywele mdogo wake. Walifunga mlango na kuwasengenya watu ambao wengine walikuwa wameshakufa. Sponji, akiwa nje amekaa kwenye ngazi, aliwasikia wakicheka kama wasichana. Mama aliishi wiki nzima akiingoja Jumamosi, na mdogo wake vivyo hivyo.

Ni kwa ajili ya mama, alisema Sponji, ndiyo maana ananunua gari jipya. Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa wale vijana wa kituo cha mafuta.

Alikwenda kwenye duka la magari amevaa shati la kutokea. Akapita mbele ya moja, akapita mbele ya la pili, hata akafika kwenye gari jeusi lililong'aa hadi akajiona ndani ya mlango. Lakini halikumteka kwa rangi. Alifungua mlango akaona viti. Aliviminya kwa dole gumba, vikarudi taratibu, wala havikuruka. Alipitisha kidole kwenye mshono toka juu hadi chini, asiupate mahali ulipoyumba. Akaingia, akafunga mlango, akaegemea na kufumba macho. Mkono wake wa kulia ukafunguka wenyewe juu ya paja.

"Mzee, tutoke nalo kidogo ukalijaribu barabarani?" aliuliza muuzaji.

"Nimeshalijaribu," alisema Sponji.

Ndugu yangu, gari lilikuwa limesimama. Hata injini haikuwashwa. Lakini ndivyo alivyozoea huyu bwana: maisha yake yote alikuwa amepima vitu vya kukalia, na hakuna kochi hata moja lililowahi kuondoka na mtu likaenda mahali.

Siku alipolileta, mama yake alitoka nje akapiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakachungulia. Alilizunguka gari, akaligusa, akasema mwanangu huyu, mwanangu huyu. Sponji alisimama katikati ya uwanja akicheka kwa sauti, kicheko ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu baba yake alipozikwa. Jioni ileile Kobe aliuzwa kwa Mwalimu, jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu mpole aliyefundisha hesabu na kutembea na mwavuli hata jua likiwaka.

Siku ya kwanza kwenda kazini, Sponji alikutana na tuta. Alikuwa amelivuka kwa Kobe mara zisizo na hesabu bila hata kuacha kupiga mluzi. Gari jipya lilipanda, likashuka, na kishindo kikampanda kutoka makalioni hadi kwenye meno. Mluzi ukakatika. Akasema moyoni labda sikupunguza mwendo. Tuta la pili alilisogelea polepole kama anayenyemelea kuku, na kishindo kilikuwa kilekile.

Na hayo ni matuta tu. Kwenye kona gari liliinama upande mmoja kama linataka kulala. Kwenye barabara kubwa usukani ulikuwa mwepesi mno, hauna habari na matairi. Ukiupeleka kushoto gari linafikiri kwanza, halafu linakwenda zaidi ya ulivyoliomba. Lori likipita, upepo wake ulilisukuma pembeni. Sponji aliyekuwa akiendesha kwa mkono mmoja sasa alishika kwa miwili, mabega juu, jasho kwapani, na alifika kazini amechoka kabla ya kushika nyundo.

"Baba watoto," alisema mkewe walipotoka pamoja kwenda sokoni, "hili gari tumelipanda au linatupiga?"

"Bado jipya. Springi zitalegea."

"Sisi tutaanza kulegea kabla yake."

Alijuta. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alijuta asubuhi akitafuta ufunguo, alijuta jioni akilifunika turubai, na kila alipomwona Mwalimu akipita taratibu ndani ya Kobe, akizama na kuinuka kwenye mashimo huku mwavuli umelala kiti cha pembeni, alihisi kitu kama wivu wa mtu aliyeachana na mke mwema. Lakini angemwambia nani? Mtaa mzima ulikuwa umemwona akicheka. Mama yake alikuwa amemsimulia kila aliyepita mlangoni, na wengine aliwaita makusudi. Basi Sponji alijikaza kisabuni, akiulizwa gari vipi, anajibu, "Safi sana."

Mama alikwenda nalo kwa mdogo wake Jumamosi mbili. Aliporudi alishuka polepole, akasimama kidogo ameshika mlango, akasema, "Gari zuri mno, mwanangu. Halina dosari." Jumamosi iliyofuata alisema ana mafua. Baada ya hapo kukawa na mgeni anayemtarajia, ambaye hakutokea. Kisha mvua, nayo ilikuwa manyunyu tu. Kisha akasema mdogo wake apumzike kidogo, mtu mgonjwa hachoshwi kila wiki.

Sponji aliona ajabu. Kulikuwa na wazo moja lililombishia hodi tena na tena, naye hakulifungulia mlango. Alijiambia labda wamegombana. Ndugu wa tumbo moja hugombana, tena kwa mambo madogo.

Siku moja simu yake ikaita akiwa karakana na misumari mdomoni. Alikuwa mama mdogo. Sauti yake ilikuwa imepungua, kama redio ambayo betri zinakwisha.

"Mwanangu, sitaki kukupotezea muda. Mwambie dada yangu, kama kuna neno nimemkosea, anisamehe. Mimi siwezi kuinuka nije kumwangukia. Nywele zangu zimefungana, binti huyu anayenitazama anazivuta tu. Lakini si nywele, mwanangu. Ni kwamba naogopa nitakwenda na yeye amenikasirikia."

Sponji alitema misumari mkononi. Aliahidi tu kwamba Jumamosi watakuja.

Alimweleza mama yake maneno yale kama alivyoyasikia, bila kupunguza. Mama alikunja na kukunjua pindo la khanga, na machozi yakamtoka bila sauti.

"Nikasirike mimi? Na yeye? Tutakwenda. Jumamosi tutakwenda."

"Kama mgongo unauma..."

"Nimesema tutakwenda, baba."

Sponji alipitia kwa Spana, fundi wa magari aliyekuwa rafiki yake tangu ujana. Alimwambia gari lina kelele na linagongagonga, hasa kwenye barabara ya vumbi. Haiwezekani kitu kipya kikawa hivi, lazima kuna kilicholegea. Spana alilala chini ya gari, akatikisa hiki na kile, akatoka akijifuta mikono. Hakuona kitu. "Labda nilisikie likiwa njiani," alisema. Wakakubaliana Jumamosi aje nao. Spana aendeshe, mwenye gari akae nyuma asikilize kelele inatokea upande gani.

Kwa hiyo Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza tangu alinunue, Sponji alikaa kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, pembeni ya mama yake. Kwenye lami mambo yalikuwa ya kuvumilika. Mama aliulizia watoto wa Spana, Spana akamjibu, wakacheka. Kisha lami ikaisha.

"Haya, fundi, tega sikio," alisema Spana. "Nyuma upande wa kulia."

Upande wa kulia ndiko alikokaa mama. Sponji aliinama kumwelekea, akafumba macho ili asikie vizuri. Alisikia mchanga ukirushwa chini ya gari, akasikia kishindo, kisha kishindo kingine. Halafu akasikia kitu kidogo sana, kama mtu anayemeza pumzi. Akafumbua macho, na macho yake yakaangukia mkono wa mama.

Ulikuwa umeshika kishikio cha mlango. Haukukishika kama watu wanavyoshika. Uling'ang'ania, mishipa imesimama, vifundo vya vidole vimebadilika rangi. Mkono wa pili ulikuwa umefumba pindo la khanga juu ya goti. Gari likapiga shimo, na mikono yote miwili ikakaza zaidi. Lakini uso! Uso wa mama ulikuwa umetulia, na midomo ilikuwa na tabasamu dogo, lile analowapa wageni.

Sponji alikuwa ametazama mikono ya watu wasiomhusu kwa miaka mingi. Ya huyu alikuwa hajaitazama, kwa sababu siku zote alikuwa mbele, macho barabarani, akijivunia.

"Simamisha gari," alisema.

"Umeisikia?" aliuliza Spana.

"Nimeiona."

Spana alisimama pembeni, akageuka. Alimtazama mama, akamtazama Sponji, akaelewa zaidi ya alivyoonyesha. Walishuka wao wawili. "Fundi mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini, "nisikudanganye. Hili gari halina ugonjwa. Springi zake ngumu, matairi yake membamba, usukani ndio huo. Limezaliwa hivi. Hata nikilifungua lote, nitalifunga lilivyo."

Sponji alifungua mlango wa upande wa mama, akachuchumaa kwenye vumbi. "Mama, turudi?"

"Turudi wapi? Mdogo wangu ananisubiri. Twende."

Walikwenda kwa mwendo wa miguu. Kuku waliwapita.

Mama mdogo alipomwona dada yake mlangoni alianza kulia kabla hajasalimiwa. Alikuwa amekonda, na nywele zake kweli zilikuwa zimefungana kama uzi ulioangukia mikononi mwa watoto. "Dada, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mdogo wangu," mama alisema akiketi taratibu ukingoni mwa kitanda, akitoa kitana. "Mgongo tu huu. Si unajua mgongo wangu."

Hata pale, baada ya yote yale, bado alikuwa akimfichia. Sponji alikuwa amesimama mlangoni na aibu ilimpanda hadi masikioni. Alivua kofia, ingawa hakuna aliyemwambia avue.

"Mama mdogo, si mgongo," alisema. "Ni gari langu. Nimenunua gari bovu. Yaani si bovu, ni baya. Linamuumiza mama, na kila siku amekuwa akiniambia ni zuri, na mimi kila siku nimekuwa nikiwaambia watu ni zuri, na ninaapa mbele yenu silitaki hata kuliona."

Mama mdogo alimtazama dada yake, akamtazama Sponji, akatazama dirishani ambako gari jeusi lilikuwa limejaa vumbi.

"Sponji mzima," alisema. "Fundi wa makochi. Hukulikalia kabla ya kununua?"

"Nililikalia."

"Likiwa linakwenda?"

Sponji aliizungusha kofia mikononi. Mama mdogo alianza kucheka, akashika nyonga yake akilalamika kwamba wanamuumiza, akaendelea kucheka. Mama alijaribu kujizuia. "Lakini lina viti vizuri," alisema, akimtetea mwanawe hadi mwisho, na hapo naye akashindwa. Walicheka wote watatu mpaka yule binti akaja kuchungulia kuna nini.

Vicheko vilipotulia, Sponji alimuuliza mama yake kwa nini hakusema. Mama aliendelea kuchana, akifungua fundo moja baada ya jingine.

"Ulicheka siku ile, baba. Tangu tumzike baba yako sikukusikia ukicheka vile. Nikasema mgongo umeshazoea kuuma, uache uume. Na mkeo nilimwapisha asifungue mdomo." Akachana kidogo. "Na wewe mbona hukusema?"

"Ulipiga vigelegele."

"Basi tumekutana wajinga wawili," alisema mama.

Sponji na Spana walimrudisha mama nyumbani kwa mwendo uleule wa kuku. Jioni hiyo Sponji alivuka barabara hadi kwa Mwalimu. Vijana wa kituo cha mafuta walikuwa wakimwona, na alijua wanamwona. Alieleza yote bila kupindisha, kisha akaomba auziwe Kobe tena.

Mwalimu aliegemeza mwavuli ukutani, akafikiri. "Siuzi," alisema. "Usinielewe vibaya, jirani. Sijawahi kukaa mahali pazuri kama mle ndani. Nyumbani kwangu mwenyewe sikai vile. Lakini Jumamosi mimi nasahihisha madaftari, siendi popote. Njoo uchukue ufunguo. Kila Jumamosi, wala usigonge mlango, utaukuta kwenye msumari."

Sponji alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Gari jeusi sasa husimama mbele ya karakana. Wateja wakisubiri kazi zao huingia humo na kuketi, na wote husema hawajapata kuona viti kama vile. Husinzia humo mikono imefunguka. Lina tangazo la kuuzwa kwenye kioo, lakini kila anayekuja kulinunua Sponji humlazimisha kwanza aliendeshe hadi kwenye matuta na kurudi. Ndiyo maana bado lipo.

Jumamosi ya kwanza ya Kobe, Sponji alikishika kioo cha juu ya usukani akakiinamisha kidogo, kikaacha kuonyesha barabara ya nyuma, kikaonyesha mapaja na mikono ya mama yake. Si jambo la kusifiwa, lakini barabara ile haina magari. Kobe alikohoa, akaondoka. Lami ikaisha. Likaja shimo la kwanza, gari likazama na kuinuka taratibu. Na vidole vya mama vilivyokuwa vimeshika kishikio vikasubiri kishindo, kishindo kisije. Vikasubiri na shimo la pili. Kisha vikaachia kimoja kimoja, mkono ukashuka pajani, kiganja kikageuka juu.

Alipofika uani kwa mama mdogo, Sponji alizima injini na kutazama kioo. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, na kitana kimemtoka mkononi kikaangukia kitini.

"Dada amekuja?" iliuliza sauti kutoka dirishani.

"Amekuja," alijibu Sponji kwa sauti ya chini. "Amelala kidogo."

"Mwache," ilisema ile sauti. "Nitangoja."

Sponji alikaa palepale nyuma ya usukani, mlango haujafunguliwa, akimwangalia mama yake. Mama alipoamka, Sponji hakumuuliza kama gari ni zuri.